Kupima na Kulinganisha Kasi ya Upumuaji wa Mimea na Wanyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale yanayorudiwa mwaka hadi mwaka na wanafunzi wa sekondari wa Unguja na Pemba, na walimu wenzangu wanaoandaa majaribio katika maabara zenye vifaa vichache, na mara nyengine na wakulima ambao hawajawahi kuiona respirometa, yaani chombo cha kupimia upumuaji, lakini wanaufahamu upumuaji kwa mikono yao, kwa kuwa wameshatia mkono ndani ya gunia la mpunga uliolowekwa wakalikuta lina moto. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake; panapohitajika, msomaji ameelekezwa kwenye swali jengine.

## Mambo ya msingi

1. Upumuaji unaopimwa ni kitu gani hasa, na una tofauti gani na kuvuta pumzi?

Lugha yetu hutumia neno moja, kupumua, kwa mambo mawili. La kwanza ni kifua kupanda na kushuka, au samaki kufungua na kufunga mashavu yake. Hilo humu tunaliita kuvuta pumzi. La pili ni kazi ya kikemikali inayofanyika ndani ya kila seli hai, ambamo sukari huvunjwa kwa msaada wa oksijeni, nishati ikapatikana, na kabonidayoksaidi na maji vikabaki. Kwa kila molekuli moja ya glukosi hutumika molekuli sita za oksijeni, na hutoka sita za kabonidayoksaidi na sita za maji. Mbuzi huvuta pumzi ili seli zake zipumue. Mkarafuu hauvuti pumzi, lakini seli zake za majani, shina, mizizi na vikonyo hupumua vilevile.

Kasi ya upumuaji, basi, ni kiasi cha oksijeni kilichotumika, au cha kabonidayoksaidi kilichotolewa, kwa muda uliotajwa na kwa uzito uliotajwa wa kiumbe. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa zaidi, na karibu kila ulinganisho mbovu niliowahi kuusahihisha ulianzia hapo (angalia swali la 8).

2. Je, ni kweli kwamba mimea hupumua usiku tu?

Si kweli. Mimea hupumua saa zote, mchana na usiku. Kinachotokea mchana ni kwamba usanidinuru, yaani kazi ya mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, huzalisha oksijeni nyingi kuliko ile inayotumiwa na upumuaji, kwa hiyo kipimo cha nje huonyesha oksijeni ikitoka, na upumuaji ukafichika nyuma yake. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupima upumuaji wa jani la kijani hana budi kulitia gizani, kwa kuifunika chupa nzima kwa karatasi ya fedha au kitambaa cheusi kizito. Mbegu zinazochipua hazina tatizo hilo maadam hazijatoa majani ya kijani, na ndiyo sababu zinapendwa maabarani.

3. Ni hatari kulala chumba chenye mimea, au chini ya mti, wakati wa usiku?

Hesabu inajibu vizuri kuliko mabishano. Mtu mzima aliyetulia hutumia takribani mililita 250 za oksijeni kwa dakika, yaani lita 15 kwa saa. Jani la kawaida gizani hutumia takribani maikromoli moja ya oksijeni kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde, ambayo ni kiasi cha mililita 90 kwa saa. Ingehitajika zaidi ya mita za mraba 160 za majani ndani ya chumba kimoja ili mimea ishindane na mtu mmoja. Chungu cha asumini dirishani hakina hata mita moja. Ndugu anayelala kitanda cha pili anakutumilia oksijeni nyingi kuliko bustani nzima ya vyungu, na hakuna anayemwogopa kwa hilo. Chini ya mwembe ulioko uwanjani hewa haijafungiwa, kwa hiyo hata hesabu hiyo haihitajiki.

## Vifaa na namna ya kupima

4. Kuna njia gani za kupima?

Njia zote hufuata kimoja kati ya vitu vitatu: oksijeni inayopungua, kabonidayoksaidi inayoongezeka, au joto linalotoka. Wanasayansi wa Kifaransa Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walipima joto kwa kumweka mnyama mdogo aina ya simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, katika majira ya baridi ya 1782 hadi 1783, wakapima barafu iliyoyeyuka na kuilinganisha na hewa aliyoitoa. Skulini njia ya joto hufanywa kwa chupa ya chai: mbegu zinazochipua hutiwa ndani pamoja na kipimajoto, mdomo ukazibwa kwa pamba, na joto likasomwa kila siku.

Kabonidayoksaidi hutambuliwa kwa maji ya chokaa, ambayo hugeuka rangi ya maziwa, au kwa kiashirio cha haidrojenikabonati, ambacho huwa chekundu cha machungwa katika hewa ya kawaida, hugeuka manjano kabonidayoksaidi ikizidi, na zambarau ikipungua. Njia hizi huonyesha kwamba kiumbe anapumua na zinaweza kulinganisha nani amegeuza rangi mwanzo, lakini hazitoi kiasi kamili. Kwa kiasi kamili hutumika respirometa, iliyoelezwa katika swali la 5, au kipima gesi cha umeme kwa waliojaaliwa kuwa nacho. Kwa viumbe wa majini, angalia swali la 14.

5. Respirometa rahisi hufanyaje kazi?

Kiumbe huwekwa ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa kwa kizibo cha mpira. Chini ya chupa kuna chokaa ya soda, ambayo hunyonya kabonidayoksaidi yote inayotolewa, na juu yake kuna wavu au kitambaa chepesi ili kiumbe asiiguse, kwa kuwa inaunguza. Kizibo kimepenywa na mrija mwembamba wenye tone la maji ya rangi. Kiumbe anapotumia oksijeni na kabonidayoksaidi yake ikanyonywa, hewa iliyomo hupungua, na tone husogea kuelekea kwenye chupa. Umbali uliosogea, ukizidishwa na eneo la tundu la mrija, ndio ujazo wa oksijeni iliyotumika.

Kabla ya kuanza kusoma, chupa iachwe dakika kumi ndani ya beseni la maji ili joto litulie. Tone lirudishwe mwanzo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na vipimo vichukuliwe si chini ya mara tatu. Panzi au konokono wasiachwe ndani kwa muda mrefu. Wakishapimwa warudishwe walikotolewa wakiwa hai. Ninalisisitiza hili kwa sababu mwanafunzi anayejifunza kumdharau panzi mezani hajifunzi bailojia.

6. Kwa nini tone husogea hata katika chupa isiyo na kiumbe, au husogea upande usiotarajiwa?

Kwa sababu ya joto, na katika visiwa vyetu hili ndilo adui mkubwa wa jaribio zima. Hewa iliyofungiwa hutanuka kwa takribani sehemu moja ya 300 ya ujazo wake kwa kila nyuzi joto moja inayoongezeka. Ikiwa chupa ina mililita 50 za hewa, nyuzi moja tu huongeza karibu milimita za ujazo 167. Katika mrija wenye tundu la kipenyo cha milimita 1, ambao eneo lake ni milimita za mraba 0.785, tone husukumwa nje zaidi ya sentimita 21. Mbegu chache za choroko kwa dakika kumi zinaweza kulivuta sentimita chache tu. Kosa, basi, ni kubwa mara kadhaa kuliko kitu kinachopimwa.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilizipanga chupa kwenye meza ya karibu na dirisha, jua la asubuhi likawa linazipiga, na matone yote yakatoka nje badala ya kuingia ndani. Darasa zima liliandika kwamba choroko zinatoa oksijeni, nami sikuligundua kosa langu mpaka mwanafunzi mmoja aliponyoosha kidole kuelekea chupa ya mbegu zilizokufa na kuuliza kwa nini nazo zinatoa.

Dawa yake ni mbili, na zote zitumike pamoja. Kwanza, chupa zizamishwe ndani ya beseni kubwa la maji, kwa kuwa maji hubadilika joto polepole. Wala zisishikwe kwa mkono wakati wa kusoma. Pili, iwepo chupa ya pili iliyo sawa kwa kila kitu ila badala ya kiumbe hai ina kitu kisichopumua chenye ujazo uleule, kama gololi za kioo. Mwendo wa tone katika chupa hiyo hutolewa kutoka kwenye mwendo wa chupa yenye kiumbe. Palipo na mrija wa umbo la U unaoziunganisha chupa mbili, mabadiliko ya joto na ya kanieneo ya hewa hujifuta yenyewe, kwa kuwa yanasukuma pande zote mbili sawasawa.

7. Mbegu nilizozichemsha zinaonekana kupumua. Je, hazijafa?

Zimekufa, lakini juu yake wamo bakteria na kuvu walio hai, nao wanapumua. Katika hali yetu ya hewa ya joto na unyevunyevu, choroko zilizochemshwa jioni huwa zimeanza kuoza asubuhi. Zisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu baada ya kuchemshwa, zisuuzwe, na zitumike siku hiyohiyo. Mbegu zilizo hai nazo zisafishwe vivyo hivyo. Vinginevyo unapima mbegu pamoja na wageni wake.

## Kulinganisha kwa haki

8. Nifanyeje hesabu ili viumbe wawili walinganishwe?

Wazee wetu waliuza na kununua karafuu kwa pishi, na kila mtu alijua kwamba pishi ni vibaba vinne. Asingekubalika mtu anayelinganisha pishi zake na vibaba vya jirani bila ya kugeuza kwanza. Upumuaji una sharti hilohilo. Ujazo wa oksijeni hugawanywa kwa muda, kisha kwa uzito wa kiumbe, na matokeo huandikwa kwa mililita kwa gramu kwa saa.

Tuchukulie tone limesogea milimita 40 kwa dakika 10, katika mrija ule wa kipenyo cha milimita 1, baada ya kuondoa mwendo wa chupa ya ulinganishi, ile isiyo na kiumbe hai (swali la 6). Ujazo ni 40 mara 0.785, yaani milimita za ujazo 31.4. Kwa saa ni 188.4, ambazo ni mililita 0.188. Ikiwa mbegu zilikuwa na gramu 5, kasi yake ni mililita 0.038 kwa gramu kwa saa. Namba hiyo iandikwe pamoja na joto la maji ya beseni na hali ya kiumbe: mbegu za siku ya ngapi, panzi aliyetulia au aliyekuwa akirukaruka.

9. Nitumie uzito mbichi au uzito mkavu?

Ukilinganisha mbegu zinazochipua na zile kavu za dukani, tumia uzito mkavu, au angalau idadi ileile ya mbegu za aina moja. Mbegu iliyolowekwa imenyonya maji mengi, na maji hayapumui. Ukigawanya kwa uzito mbichi unaionea mbegu hai. Kwa kulinganisha panzi na konokono, ondoa uzito wa gamba la konokono kwa sababu hiyohiyo. Kwa panzi wawili wa aina moja, uzito mbichi unatosha.

10. Mnyama na mmea, nani hupumua zaidi?

Kwa gramu moja na katika joto moja, kwa kawaida mnyama. Panzi anatembea, anatafuna, na mishipa yake ya fahamu haipumziki. Kazi zote hizo zinadai nishati. Sehemu kubwa ya mti ni mbao na maji, ambazo hazina seli hai nyingi. Lakini jibu hili lisigeuzwe kuwa kanuni isiyo na mwisho: ncha ya mzizi unaokua na mbegu inayochipua hupumua kwa nguvu kuliko jani lililokomaa, na zipo sehemu za mimea zinazowashinda wanyama wengi (angalia swali la 17).

11. Kwa nini mnyama mdogo hupumua kwa kasi kubwa kuliko mkubwa?

Swali hili lina jibu la vipimo ambalo limethibitishwa mara nyingi, ingawa sababu yake bado hubishaniwa na wataalamu. Kwa gramu moja kwa saa, katika utulivu, farasi hutumia takribani mililita 0.11 za oksijeni, binadamu 0.21, kondoo 0.22, paka 0.68, panya mdogo wa nyumbani 1.65, na kirukanjia mwenye gramu zisizozidi tano hutumia mililita 7.4. Tembo hutumia 0.07 tu. Gramu moja ya kirukanjia, kwa hiyo, inafanya kazi zaidi ya mara mia moja ya gramu ya tembo, na ndiyo maana kirukanjia akikosa chakula kwa saa chache hufa.

Mwaka 1932 Max Kleiber alionyesha kwamba matumizi ya nishati ya mnyama mzima hayapandi sawa na uzito wake, bali kwa uzito uliopandishwa kwa kipeo cha robo tatu. Mnyama aliye mzito mara 16 hutumia oksijeni mara 8 tu, kwa hiyo kila gramu yake inatumia nusu. Maelezo ya zamani, kwamba mnyama mdogo ana ngozi nyingi kwa uzito wake na hivyo hupoteza joto upesi, yana ukweli ndani yake lakini hayatoshi, kwa kuwa wanyama wasiojitengenezea joto nao hufuata mwelekeo huo.

12. Joto la siku linabadilisha vipi matokeo?

Kwa mimea, wadudu, kaa, konokono na mijusi, upumuaji huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi joto 10, mpaka vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemikali ndani ya seli, vinapoanza kuharibika. Mwanafunzi aliyepima asubuhi ya kipupwe na mwenzake aliyepima adhuhuri ya kaskazi wanaweza kupata namba zinazotofautiana sana kwa choroko za gunia moja, na wote wawili wakawa wamepima sawasawa.

Kwa wanyama wenye damu moto mambo hugeuka. Panya akiwekwa penye baridi hupumua zaidi, kwa sababu analazimika kuzalisha joto. Kumlinganisha panya na panzi kwa joto moja tu la chumba, basi, ni kuueleza nusu ya mkasa.

## Matunda, mbegu za mafuta na bahari

13. Kwa nini ndizi zilizovundikwa huiva upesi na kupata joto, ilhali machungwa hayavundikwi?

Ndizi, embe na papai ni katika matunda ambayo upumuaji wake hupanda ghafla wakati wa kuiva, mara kadhaa kuliko yalipokuwa mabichi. Kupanda huko huamshwa na gesi ya ethilini ambayo tunda lenyewe huitoa. Anayevundika ndizi shimoni, akazifunika kwa majani makavu, anaizuia ethilini isitoroke na joto lisipotee, na joto nalo huongeza upumuaji kama ilivyoelezwa katika swali la 12. Chungwa, nanasi na shokishoki hazina mpando huo. Zikichumwa changa hubaki changa. Watu wetu walizipanga ndizi upande mmoja na machungwa upande mwengine kabla ya maabara yoyote kujengwa, na kipimo cha kabonidayoksaidi kinakubaliana nao.

14. Nitapimaje upumuaji wa mwani au wa samaki?

Kwa kupima oksijeni iliyoyeyuka majini. Njia ya kikemikali ya Lajos Winkler ya mwaka 1888 bado hutumika. Kwa mwani, vipande vya uzito sawa hutiwa katika chupa mbili za maji ya bahari, moja inayopitisha mwanga na moja iliyofunikwa kabisa. Oksijeni iliyopungua katika chupa ya giza ndiyo upumuaji. Tofauti ya mwisho kati ya chupa mbili ndiyo usanidinuru wote. Iwepo na chupa ya tatu ya giza yenye maji matupu, kwa kuwa maji ya bahari nayo yana viumbe wadogo wanaopumua.

Muda uwe mfupi. Maji ya bahari ya nyuzi joto 30 hubeba takribani miligramu 6 tu za oksijeni kwa lita, wakati lita moja ya hewa ina zaidi ya mara arobaini ya kiasi hicho. Wakulima wa Paje na Jambiani wanajua kwamba mwani uliorundikwa ndani ya maji yaliyotuama wakati wa jua kali haukawii kuharibika. Joto linapandisha mahitaji ya oksijeni wakati uleule linapopunguza oksijeni ambayo maji yanaweza kuibeba. Kuhesabu mapigo ya mashavu ya samaki kunaonyesha kuvuta pumzi, si upumuaji wenyewe (swali la 1), ingawa ni dalili nzuri.

15. Kwa nini njugu zinazochipua hutoa kabonidayoksaidi kidogo kuliko oksijeni zinazotumia?

Kwa sababu zinatumia mafuta. Mtama na choroko hutegemea wanga, na kwao kabonidayoksaidi iliyotoka ikigawanywa kwa oksijeni iliyotumika hukaribia 1.0. Mafuta yana oksijeni chache ndani ya molekuli zake, yanahitaji zaidi kutoka nje, na uwiano wake ni takribani 0.7, protini huwa karibu na 0.8. Pima mwanzo kwa chokaa ya soda upate oksijeni, kisha rudia bila ya chokaa. Ikiwa tone bado linaingia, kabonidayoksaidi ni tofauti ya vipimo viwili. Likitoka nje, ni jumla yake.

## Hali zisizo za kawaida

16. Hamira haionyeshi chochote katika respirometa yenye chokaa ya soda. Je, imekufa?

Yumkini iko hai lakini haitumii oksijeni. Hamira ndani ya maji ya sukari yaliyofungiwa huchachua: hutoa alkoholi na kabonidayoksaidi, kama inavyofanya ndani ya unga wa mkate wa kumimina. Chokaa ikiinyonya kabonidayoksaidi yote, tone litasimama. Ondoa chokaa, na tone litatoka nje kwa kasi.

17. Ni mmea gani unaopumua kama mnyama?

Baadhi ya maua ya jamii ya magimbi. Lamarck aliandika mwaka 1778 kwamba ua la Arum hupata joto, na maua ya Philodendron hufikia nyuzi joto 40 hata hewa ya nje ikiwa baridi, kwa upumuaji ambao kwa gramu unalingana na wa ndege wadogo. Joto hilo husambaza harufu inayowaita wadudu.

18. Mende wangu hakupumua kwa dakika tano, kisha akaonekana kupumua kwa wingi. Kipimo kimeharibika?

Huenda hakijaharibika. Wadudu hupitisha hewa kwa matundu ya ubavuni, na wengi wao wakitulia huyafunga kwa muda, kisha huyafungua na kuiachia kabonidayoksaidi kwa mkupuo. Pima kwa nusu saa au zaidi na uchukue wastani.

19. Mizizi ya mchu, mti wa jamii ya mikoko, inayosimama juu ya matope, nayo ipimwe kama mizizi mengine?

Hapana. Matope ya mikoko, kama ya Ghuba ya Chwaka, karibu hayana oksijeni chini ya uso wake, na mizizi iliyozikwa hupata hewa kupitia matundu madogo ya mizizi iliyosimama, au ya mizizi ya miguu kwa mkoko wenyewe. Mwaka 1955 Scholander na wenzake waliyaziba matundu hayo kwa grisi, na oksijeni ndani ya mizizi iliyozikwa ikapungua. Ukiukata mzizi wa mchu na kuutia ndani ya chupa yenye hewa tele unapima uwezo wake, lakini si hali anayoishi nayo. Kwa hali hiyo, kipimo kifanyike mti ukiwa umesimama, mara maji yakiwa yamekupwa na mara yakiwa yamejaa, kwa sababu matundu yale yakizamishwa na maji mzizi hulazimika kutumia hewa iliyobaki ndani yake mpaka bahari irudi nyuma.